Barua ya Wazi: Yatunzeni Mapaa ya Majumba ya Mazamindari Vijijini Bengali

Kwa Waheshimiwa viongozi wa Idara ya Akiolojia ya Serikali ya Bangladesh, Waheshimiwa wajumbe wa Tume ya Urithi ya Jimbo la Bengali Magharibi nchini India, na wakuu wa wilaya wa pande zote mbili za mpaka,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni fundi wa nyumba za mawe na chokaa kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na ninawaandikia kuhusu majumba ya mazamindari, mabwana wa ardhi wa zamani, yaliyotapakaa katika vijiji vya Bengali, eneo lililogawanyika leo kati ya Bangladesh na India, ambayo wenyeji huyaita rajbari, na ambayo mengi yake yamekwisha kupoteza mapaa au yako njiani kuyapoteza. Nakala ya barua hii mmepelekewa kwa Kibengali. Naitoa pia kwa Kiswahili kwa sababu wasomaji wa kwetu wanaishi karibu na nyumba zinazougua maradhi hayo hayo, na baadhi yao ndio wanaokabidhiwa dhamana ya kuzitunza.

Ombi langu ni moja. Kabla ya mradi wowote mkubwa wa ukarabati, tengeni fungu dogo la kila mwaka kwa ajili ya mapaa ya majumba ambayo bado yamesimama, na fedha hizo zitumike katika miezi mikavu, kati ya Novemba na Februari, kwa mikono ya waashi wanaoijua chokaa wakisaidiwa na watu wa kijiji chenyewe. Mengine yote nitakayoyasema ni maelezo ya kwa nini naomba hilo na si jambo jingine.

Historia ya majumba haya mnaifahamu kuliko mimi, lakini wengi wa wasomaji wangu hawaifahamu, hivyo mniwie radhi nikiieleza kwa ufupi. Mwaka 1793, chini ya Gavana Mkuu Lord Cornwallis, Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, iliyokuwa ikitawala Bengali, ilipitisha Mapatano ya Kudumu, ambayo yaliwafanya mazamindari, waliokuwa wakusanyaji wa kodi ya ardhi, kuwa wamiliki wa ardhi yenyewe kwa sharti la kuilipa Kampuni kiasi kisichobadilika milele. Katika kila mafungu 11 ya kodi iliyokadiriwa, 10 yalikwenda kwa Kampuni na 1 likabaki kwa zamindari. Aliyeshindwa kulipa kabla ya jua kuzama siku ya mwisho alinadiwa ardhi yake, na kwa mnada huo koo nyingi za zamani zilianguka na nafasi zao zikachukuliwa na wafanyabiashara, wakopeshaji na makarani waliokuwa na fedha taslimu. Lakini kwa wale waliodumu, mambo yaliwageukia kuwa mema kupita kiasi: deni lao kwa serikali lilibaki pale pale, ilhali mashamba yalizidi kupanuka, bei ya mazao ikapanda, na mkulima akatozwa kodi juu ya kodi. Ziada hiyo ndiyo iliyochoma matofali ya majumba tunayoyazungumzia.

Matokeo yake ni ya kustaajabisha kwa mtu yeyote anayefika kwa miguu kutoka kwenye mashamba ya mpunga. Baliati, katika wilaya ya Manikganj, ni jumba la ukoo uliotokana na Govinda Ram Saha, mfanyabiashara wa chumvi wa karne ya 18. Majengo manne makubwa yamejipanga sambamba mbele ya bwawa, yakiwa na nguzo ndefu za mtindo wa Kigiriki, na ndani ya kiwanja cha takriban ekari 6 kuna vyumba vipatavyo 200. Dhanyakuria, upande wa India, ina majumba yenye minara kama ngome za Ulaya, yaliyojengwa kwa faida ya biashara ya juti. Puthia, karibu na Rajshahi, kuna jumba ambalo Rani Hemanta Kumari Devi alilijenga mwaka 1895 kwa kumuenzi mama mkwe wake, Maharani Sharat Sundari Devi, na kulizunguka yapo mahekalu ambayo kuta zake zimefunikwa kwa nakshi za udongo wa kuchoma.

Mpangilio wa nyumba hizi hufanana mahali pengi. Upande wa nje kuna kachari, ofisi ambamo mkulima alikuja kulipa kodi na kusikia hukumu. Ndani yake kuna ua, na upande mmoja wa ua huo ni thakurdalan, ukumbi wa ibada wenye matao, ambamo sanamu ya Durga, mungu wa kike wa Wahindu, huwekwa wakati wa sikukuu yake, Durga Puja. Nyuma kabisa ni andarmahal, makazi ya wanawake, yenye madirisha ya luva ambayo mtu aliye ndani huona nje bila kuonekana. Ni nyumba iliyojengwa kwa vyeo, na kila mlango wake unamwambia mgeni mahali anapopaswa kukomea.

Ndiyo maana nimesikia, Bangladesh na India pia, hoja kwamba majumba ya wanyonyaji yaachwe yaanguke. Siibezi hoja hiyo hata kidogo. Wakulima wa Pabna walioungana mwaka 1873 kukataa tozo haramu walikuwa wakipigania shibe ya watoto wao, na wale wa vuguvugu la Tebhaga la 1946, waliodai wabaki na theluthi mbili za mavuno yao wenyewe, walikuwa wametoka tu katika njaa kuu ya 1943. Mimi pia natoka pwani ambako nyumba nyingi nzuri za mawe zilijengwa kwa jasho la watumwa wa mashamba ya karafuu, na sijapata kuitazama nakshi ya mlango wa Unguja bila kuwakumbuka. Hata hivyo, naamini hoja hiyo inakosea juu ya mwenye mali. Zamindari hakufyatua tofali hata moja. Mkulima alilipa, mwashi akajenga, mfinyanzi akachora, na jina la zamindari likaandikwa juu ya lango. Kachari ikibomoka, mjukuu wa mkulima hapotezi kumbukumbu ya zamindari. Anapoteza chumba ambamo babu yake alisimama na risiti mkononi. Mahali palipolipiwa na kijiji kizima pana kila sababu ya kuwa mali ya kijiji, na serikali inayopaacha paoze haimlipizii kisasi mtu yeyote.

Sasa naomba nieleze jinsi jumba la namna hii linavyokufa, kwa kuwa hilo ndilo ninaloweza kulisema kwa ujuzi wa kazi yangu.

Ukuta wake ni wa matofali membamba yaliyoungwa kwa chun-surki, yaani chokaa iliyochanganywa na unga wa matofali yaliyopondwa. Sehemu kubwa ya chokaa hiyo katika karne ya 18 na ya 19 ilitoka kwenye mawe ya vilima vya upande wa Sylhet na kushushwa kwa mashua hadi deltani. Nyingine ilichomwa kutokana na magamba ya konokono na makombe. Ukuta wa chokaa hupumua: huvuta unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua, na kwa kuwa ni laini, ardhi ikititia kidogo nao hujinyoosha bila kupasuka vibaya. Paa lake ni tambarare. Boriti nene za msaji au za mti wa sal hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake hupangwa pau nyembamba, juu ya pau matofali bapa, na juu ya hayo tabaka nene la kokoto za matofali, surki na chokaa. Tabaka hilo lilipigwa kwa vibao siku nyingi mfululizo mpaka likafungamana na maji yakashindwa kupenya, na wapigaji walikwenda kwa mdundo wa nyimbo zilizotungwa mahususi kwa kazi hiyo. Sisi wa Lamu na Unguja tulipiga sakafu za nyumba zetu vivyo hivyo, kwa fimbo na kwa nyimbo, na nilipoonyeshwa na mwashi mmoja mzee jinsi mkono unavyoinuka na kushuka, sikuhitaji mkalimani.

Paa la namna hiyo likitunzwa hudumu vizazi. Lisipotunzwa, huanza na jambo dogo mno: majani yanaziba mdomo wa mfereji, maji ya Julai yanatuama, na ndege anadondosha mbegu ya mti wa jamii ya mkuyu katika ufa wa ukingo. Mti huo hauhitaji udongo. Mizizi yake hufuata chokaa ndani ya ukuta ikitafuta unyevu, na inaponenepa huyatenganisha matofali taratibu, safu kwa safu. Maji nayo huingia nyuma ya mizizi na kushuka hadi kwenye ncha ya boriti iliyofichwa ukutani, mahali ambapo hakuna upepo wala jua, na huko ndiko mbao huozea kwanza. Katika jumba moja la wilaya ya Naogaon nilishika boriti iliyokuwa imechomoka na kuning'inia upande mmoja. Urefu wake wote ulikuwa mgumu, unatoa mlio mkavu ukiugonga. Lakini kipande cha kiganja kimoja na nusu, kile kilichokuwa ndani ya ukuta, kiligeuka unga na kunipukutikia kati ya vidole. Chini yake, kwenye plasta ambayo bado ilikuwa na mng'ao wa chokaa iliyosuguliwa, mama mmoja alikuwa amebandika mikate ya samadi ya ng'ombe ikauke iwe kuni. Boriti hiyo ilishindwa kwa sababu ya kiganja kimoja na nusu. Ikidondoka huangusha dari juu ya sakafu ya chini yake, boriti za chini nazo zinavunjika kwa uzito, na kuta ndefu zilizobaki bila kitu cha kuzishika pamoja zinaanza kulala nje. Kutoka hapo, tetemeko dogo au dhoruba moja ya Aprili inatosha.

Kuna kifo cha pili, nacho huletwa na watu wenye nia njema. Ufa unaonekana, fedha kidogo inapatikana mwishoni mwa mwaka wa bajeti, na mkandarasi anakuja na saruji. Saruji haipumui. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hunaswa nyuma yake, chumvi hukusanyika, na baada ya misimu michache uso wa tofali hubanduka pamoja na saruji yenyewe, ukiacha ukuta katika hali mbaya kuliko ulivyokuwa. Wengine humwaga zege juu ya paa la zamani ili lisivuje, na kuziongezea boriti zilizochoka mzigo ambao hazikuwahi kukadiriwa kuubeba. Nawasihi mpige marufuku saruji katika kuta na mapaa haya kwa waraka ulio wazi, utakaofika hadi kwa mhandisi wa chini kabisa wa wilaya.

Nasema haya nikiwa na kovu la kwetu. Beit al-Ajaib la Unguja, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, lilikuwa limeonyesha dalili kwa miaka mingi, na sehemu yake ilikwisha kuporomoka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu kubwa ya upande wa mbele ilianguka na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo hilo lipo katika Mji Mkongwe ulioorodheshwa na UNESCO tangu mwaka 2000, mbele ya macho ya dunia nzima. Kama hilo liliweza kuanguka, jumba lililo mwisho wa barabara ya udongo huko Manikganj au Murshidabad halina hata nusu ya nafasi hiyo ya kuokoka.

Najua kwamba mtajibu kuhusu umiliki, na ni jibu la haki. Katika upande wa mashariki, mgawanyiko wa India na Pakistan wa 1947 uliwaondoa wengi wa mazamindari, ambao walikuwa Wahindu, na sheria ya 1950 ikafuta mfumo wenyewe na kuweka ukomo wa ardhi ambayo familia ingeweza kubaki nayo. Vita vya India na Pakistan vya 1965 vilileta sheria ya mali za adui, ambazo baada ya uhuru wa Bangladesh, mwaka 1974, ziliitwa mali zilizokabidhiwa serikali, na sheria ya kuzirudisha ya mwaka 2001 imeacha kesi zikining'inia juu ya nyumba nyingi. Katika upande wa magharibi, sheria ya 1953 ilichukua ardhi lakini ikawaachia wenyewe nyumba, yaani iliondoa kipato na kubakiza gharama. Leo jumba moja linaweza kuwa na warithi makumi, baadhi yao wako Kolkata na wengine ng'ambo, na kuziba tundu la paa kunahitaji saini za watu ambao hawajawahi kuonana. Hayo yote ni kweli, na hakuna atakayeyamaliza kwa mwaka mmoja. Lakini maji hayasubiri hukumu. Inawezekana kabisa kutunga kanuni inayomruhusu mrithi mmoja, au mkuu wa wilaya, kufanya matengenezo ya dharura ya paa bila matengenezo hayo kuhesabiwa kuwa dai la umiliki kwa upande wowote. Kanuni ya namna hiyo ingefaa kuandikwa sambamba na nyingine inayokataza kung'oa na kuuza boriti, milango na nguzo za chuma wakati kesi inaendelea, kwa sababu wizi wa kisheria nao umevua mapaa mengi.

Mifano ya majumba yaliyosalimika mnayo nyumbani kwenu. Jumba la Dighapatia huko Natore, lililojengwa upya baada ya tetemeko la tarehe 12 Juni 1897, ni ikulu ya kaskazini tangu 1972, kwa jina la Uttara Ganabhaban. Tajhat, Rangpur, lilikuwa mahakama kuanzia 1984 hadi 1991 na sasa ni makumbusho. Mahera, Tangail, ni chuo cha polisi. Murapara, karibu na Dhaka, ni chuo cha elimu. Shilaidaha, Kushtia, ambako mshairi Rabindranath Tagore alisimamia mashamba ya familia yake, huvuta wageni mwaka mzima. Nimejiuliza ni nini kinachozifanya nyumba hizi zisimame wakati jirani zake zimelala, na jibu sioni kuwa ni kibao cha serikali langoni, maana vibao nimeviona hata mbele ya magofu. Nyumba hizi zina mtu ndani yake. Paa likivuja juu ya meza ya karani au kitanda cha mwanafunzi, kuna anayelalamika siku hiyo hiyo, na mfereji unazibuliwa kabla ya mvua inayofuata.

Kwa sababu hiyo sizipingi hoteli. Itachuna, katika wilaya ya Hooghly, nyumba ya tangu 1766, inapokea wageni wa kulala, na Bawali imefufuliwa kutoka kwenye hali ambayo wengi walikwisha kuikatia tamaa. Ninachoomba ni kwamba kila kibali cha hoteli kiwe na sharti la kuufungua ua na thakurdalan kwa wanakijiji katika siku zinazojulikana, na hasa wakati wa Durga Puja, kwa kuwa hata mazamindari wakali waliufungua mlango huo kwa siku hizo. Jumba lililookolewa kwa kulifungia nje watu ambao mababu zao waliligharamia bado lina jambo la kusahihishwa.

Wasiwasi wangu mkubwa uko kwa nyumba zisizo na mtu. Dubalhati huko Naogaon. Teota, karibu na mto, katika kijiji alikozaliwa Pramila aliyekuja kuolewa na mshairi Kazi Nazrul Islam. Nimtita, Murshidabad, ambako mwongozaji Satyajit Ray alipiga filamu yake ya mwaka 1958 kuhusu zamindari anayefilisika kwa kupenda muziki, na ambako mto unaomega kingo ni tishio jingine juu ya paa bovu. Hakuna bajeti itakayozirudisha nyumba zote hizi katika fahari ya zamani, na sidhani kwamba fahari hiyo ndiyo tunayoihitaji. Zinahitaji kubaki kavu.

Kazi yenyewe ni ya kawaida sana. Watu wawili au watatu wapande juu kila Novemba wakiwa na panga, ndoo na chokaa iliyolowekwa mapema. Wafyeke vichaka, wazibue mifereji, wajaze nyufa kwa chun-surki, na wakague ncha za boriti moja baada ya nyingine. Mche mdogo ung'olewe. Mti mkubwa usiguswe kwa papara, kwa kuwa mara nyingi mizizi yake ndiyo inayoushikilia ukuta ilioupasua. Ukatwe juu, mizizi iuawe, kisha iachwe ndani huku nafasi zikijazwa chokaa polepole. Boriti iliyooza iegemezwe kwa nguzo za mianzi, ambayo Bengali haijawahi kuikosa. Paa lililokwisha kuanguka lifunikwe kwa mabati juu ya fremu nyepesi isiyoelemea kuta, hata kama haipendezi machoni. Mlinzi mmoja anayeishi jirani alipwe mwaka mzima, na asiwe mtu wa kuketi langoni tu, bali anayejua kupanda ngazi.

Waashi wanaoweza kazi hii bado wapo, lakini ni wazee, na kila mkarabati wa jumba moja huondoka na ujuzi wake mradi unapokwisha. Nashauri kwamba maeneo mnayoyatunza tayari, kama Puthia na Baliati, yawe pia mahali pa kufundishia, ambapo vijana wa wilaya jirani wakae msimu mzima wakijifunza kuloweka chokaa, kuponda surki na kupiga paa, kisha warudi kwao wakiwa na ajira ya kila mwaka inayowangoja. Na katika kila jumba lililo wazi kwa umma, chumba cha kachari kionyeshe nakala za risiti na daftari za kodi, ambazo nyingi zinahifadhiwa katika ofisi za kumbukumbu za wilaya, ili mtoto wa shule asome ni nani aliyelipa na kiasi gani.

Namalizia kwa jambo ambalo linaweza kuanza mwezi huu. Chapisheni kwa kila wilaya orodha ya majumba haya kwa Kibengali, yenye picha ya paa la kila moja na jina la ofisi inayowajibika, na ibandikwe katika halmashauri ya kijiji husika, ili yeyote atakayeona maji yakivuja ajue pa kupeleka taarifa. Nikiitwa kufanya kazi pamoja na waashi wenu wakati wa miezi mikavu, nitakuja na vifaa vyangu.

Wenu katika utumishi,

Fundi wa chokaa, pwani ya Afrika Mashariki